Msingi Wenye Paa

Barua ilisema Jumatano, saa kumi na robo.
Niliomba ruhusa kiwandani, nikasugua gundi mikononi
(tunaunda nyumba za magurudumu,
za watu waendao likizo wakikokota paa lao),
nikavuka nusu ya Hull kwa miguu, nikinuka mbao.

Kiti walichonipa kilikuwa cha mtoto.
Magoti yangu yalinikaribia kidevu.
Bi Thackray, mwalimu wa hesabu, alitabasamu
akamtazama binti yangu, si mimi:
mweleze baba.

Apendeki ni mkalimani wangu tangu ana miaka saba.
Kwa daktari, kwa mwenye nyumba, kwa fundi wa gesi,
maneno ya watu wazima yalipita kinywani mwake
kama maji kwenye bomba.
Leo ana kumi na mitano, na habari ni yake mwenyewe.

Mwalimu alisema mengi. Majaribio ya Novemba.
Alama chache. Kuanzia Jumatatu, darasa la chini,
na mtihani wa mwisho, karatasi ya Msingi;
ni salama zaidi kwake.
Apendeki alitazama mvua ikichapa nyavu za goli,
akanigeukia, hakupepesa:
"Anasema naendelea vizuri, baba. Nisijichoshe tu."

Hakujua kwamba miaka mitatu sasa, akishalala,
hukaa jikoni na redio, sauti chini,
nikijifunza Kiingereza kwa kificho
kama mtu anayevuta sigara chooni.
Nilisikia salama. Nilisikia msingi.
Nilisikia tano.

Msingi naujua mimi.
Kule Baraka nilichimba misingi ya watu kwa sururu,
udongo ukinijaa hadi kwenye kope.
Mwenye nyumba alikuja akauliza kina,
kwa kuwa kina ndicho kinachosema
ukuta utapanda hadi wapi.
Sijaona bado mtu achimbe msingi
kisha aupigilie paa palepale, usawa wa goti,
aseme: ingieni, hapa hapaanguki.

Maana karatasi yao ndivyo ilivyo.
Jibu yote, usikosee hata nukta,
utapewa tano. Sita haimo.
Tisa iko chumba kingine, na mlango wake
hufungwa jina likishapelekwa.

"Mnaweza kumlazimisha?"
Niliuliza kwa Kiingereza.
Apendeki alinitazama
kama aliyesikia sufuria ikitoa salamu.

Bi Thackray si mtu mbaya. Aliinua faili, akaliweka.
Shule ndiyo inayoandikisha, alisema.
Mzazi anaweza kuomba, kuandika, kwenda kwa bodi;
kalamu ya mwisho ni yao.
Naye hapendi kuona mtoto akianguka kutoka juu
akaambulia patupu.

Na hilo nalo ni kweli. Nimeona watu wakianguka jukwaani.
Lakini hatukuacha kujenga ghorofa.
Tuliwafunga kamba.

Hapo Kiingereza kikaniishia. Kamba, kamba...
neno halikuja. Nikamgusa binti yangu bega:
"Mwambie. Wamfunge kamba, wamwache apande."

Alikaa kimya. Kisha akasema,
na nadhani alitia na ya kwake,
maana sentensi yangu ilikuwa fupi
naye alisema hadi taa za barabarani zikawaka,
na mwalimu akaanza kuandika.

Jibu bado. Wametuambia wiki mbili.
Usiku huu yuko mezani, milinganyo imemzunguka,
kifutio kimeisha kimebaki ukucha.
"Baba," anauliza bila kuinua kichwa,
"umeanza kuelewa lini?"

Tangu siku ile, nikamwambia,
ulipompa mwenye nyumba maneno
ambayo mimi sikuyasema.

Daftari likapanda, likamfunika uso.
Mabega yalikuwa yakicheka.